Siku Nilipomwita Mbwa Mke Wangu

Nianze na aibu yenyewe, tusizungushane. Yule mzee wa kwenye video, mwenye koti la kahawia, anayemkimbiza nyani na kiatu kimoja mkononi huku akina mama wanapiga mayowe, ni mimi. Sio mtu anayefanana na mimi. Wale mlionitetea hapa Salgaa mkasema Mzee Wekesa hawezi, asanteni, lakini nimeweza. Na yale maneno ambayo madereva wa malori wananirushia kila nikipita, "Mzee, bibi hajambo?", hayo pia yana msingi wake. Nilisema mbwa ni bibi yangu. Nilisema kwa mdomo huu huu, mbele ya askari wa serikali, nikiwa na akili zangu timamu (pombe sijaonja tangu nibatizwe). Mnachokiona kwenye video ni dakika moja. Mimi nitawaambia siku nzima, kwa sababu hiyo dakika mnayochekea siyo iliyonimaliza.

Mimi shule niliachia darasa la tatu, na sijawahi kuficha. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, aligonga misumari kwenye mataruma mpaka kifua kikamshinda, akafa akaniachia nyundo. Nilianza kuziba pancha za magurudumu hapa Salgaa chini ya turubai, na pampu ya mkono na beseni la maji, wakati hapa palikuwa na vibanda vichache na vumbi. Leo nina yadi, nina kompresa, nina wafanyakazi, na dereva gurudumu likimsumbua njiani anaambiwa na wenzake vumilia ufike kwa Wekesa. Hakuna mtu alinifundisha hiyo kazi. Niliangalia, nikajaribu, nikakosea, nikajua. Ndio maana mpaka uzee huu sikuwa nimejifunza kumuuliza mtu kitu chochote, na hilo mlishike vizuri, kwa sababu mambo yote yalitokea hapo.

Bibi yangu aliitwa Rosa Nasimiyu, Mama Nafula. Alipika chai na chapati ng'ambo ya yadi yangu tangu binti yetu Nafula akiwa mgongoni, na hakuna dereva wa zamani kwenye barabara hii ambaye hajala kwa mkono wake. Siku moja lori lilishusha hapa mtoto wa mbwa, sijui alipandia wapi, mweusi kwa mafuta machafu, na Rosa akamwosha kwa sabuni ya kufulia mara tatu ndipo tukagundua ni wa kahawia. Akamwita Diseli. Mimi mbwa kwangu ni kitu cha kulinda magurudumu, lakini huyo hakulinda chochote, alilala chini ya meza ya chapati na kumfuata Rosa mpaka chooni.

Sasa, Rosa alikuwa na ombi moja. Kila tukienda Nakuru kumsalimia Nafula, tukipita karibu na ua wa mbuga ya wanyama, alikuwa anasema, "Baba Nafula, huyu twiga ni jirani yetu miaka yote hii, na wazungu wanapanda ndege kuja kumwona. Sisi tutamwona lini?" Nami nasema mwezi ujao. Mwezi ujao unafika, kuna kompresa imeharibika, kuna lori limenasa, nasema mwezi ujao. Halafu akashikwa na ule ugonjwa wa tumbo, akaisha mpaka nikawa nambeba kama mtoto, na siku moja tukitoka hospitali akaniambia, "Hata wa mbali tu. Hata kama ni shingo." Nikamwambia, upate nafuu kwanza. Hakupata nafuu.

Tulimzika hapa kwenye shamba langu, na kile kijitabu cha ibada kilikuwa na picha ya kitambulisho, imekuzwa mpaka ikapasuka nukta nukta, mama wa watu amekodoa macho kama mshukiwa. Hatukuwa na nyingine. Mimi nilikuwa nasema picha ni za watu wasio na kazi.

Miezi kadhaa baadaye, nikipapasa simu yangu nikitafuta redio, nikamkuta. Rosa. Amesimama kwenye geti la yadi, aproni imejaa unga, Diseli amemwekea miguu kifuani, na anacheka mpaka jicho moja limefunga. Nafula ndiye alikuwa amempiga picha kwa simu yangu zamani akasahau. Nilikaa juu ya gurudumu nikaiangalia mpaka simu ikaisha chaji. Nafula alipokuja nikamwonyesha, akalia, akasema, "Baba, nipe nijitumie." Nikairudisha simu mfukoni. Nikasema nitaituma mwenyewe.

Sikujua kutuma picha. Ndio hivyo tu. Nilijua kupiga, kupokea, na kusikiliza redio. Lakini binti niliyemsomesha mpaka akawa mtu wa maabara, na ambaye tangu utoto ananiona natengeneza kila kitu, nilimwona ananyoosha mkono kama anayemlisha mgonjwa kwa kijiko, nikakataa. Akaomba tena Krismasi. Nikasema nitatuma. Akaomba Pasaka.

Basi ikakaribia siku ya kuweka simiti kwenye kaburi, miaka miwili kamili, iwe Jumamosi, na ibada, na kijitabu kipya. Jumatano Nafula akapiga. "Baba, kijitabu kinaenda kuchapishwa kesho kutwa asubuhi. Ile picha ya mama."

"Nimetuma."

"Haijafika."

"Ni mtandao."

"Sawa, Baba," akasema, kwa ile sauti ya mtu anayejua.

Hapo nikapata akili, nikajiona mjanja. Kesho yake, Alhamisi, ningeenda mbugani nikampige twiga picha ya kuweka ukurasa wa mwisho, yule twiga niliyemnyima Rosa, halafu nipitie moja kwa moja kwa Nafula nimpe simu nimwambie, chukua hii ya twiga na ukiwa hapo chukua na ile ya mama. Angechukua zote mbili mwenyewe, na hakuna mahali ningekuwa nimesema sijui. Na nitamchukua Diseli, awe mbele na twiga nyuma, kwa sababu kama kuna kiumbe kilichobaki cha Rosa hapa duniani ni huyo, tangu azikwe analala juu ya magunia yake ya unga. Huo ndio uamuzi wenyewe. Mdogo, sivyo?

Dereva alikuwa Kiprono, mtu mzima mwenye wajukuu, mwenye gari lake dogo la kubebea watu hapa. Aliponiona na mbwa akazima injini.

"Mzee, mbwa hawaingii mbuga."

"Nani amesema?"

"Kila mtu anajua. Wataturudisha getini."

"Kiprono, wewe endesha. Geti niachie mimi. Mimi nimepita vizuizi vya polisi kabla hujazaliwa."

"Mzee, mimi nina miaka hamsini na mbili."

"Basi endesha kama mtu mzima."

Tulipofika karibu na Nakuru nikamwambia asimame. Nilikuwa nimebeba blanketi la Rosa la hospitali, lile la mirabaraba, na kitambaa chake cha kichwa. Nikamlaza Diseli kiti cha nyuma, nikamfunga kitambaa kichwani tayari kwa picha, nikamfunika mpaka puani. Yule mbwa, nyinyi, alinusa lile blanketi akatulia kama amepigwa sindano. Alijua ni la nani. Hata mkia haukutikisika.

Pale getini kuna kibao chenye mbwa amechorwa na mstari mwekundu juu yake. Kiingereza sijui, lakini huo mchoro hata ng'ombe angeuelewa. Nikaangalia upande mwingine.

Askari alikuwa mama mmoja wa makamo, kofia imemkaa vizuri, mtaratibu. Akachungulia. "Mmelipia watu wawili. Na huyo wa nyuma?"

Mimi nilikuwa nimepanga kusema ni mzigo. Lakini mzigo ulikuwa unapumua, blanketi linapanda na kushuka, na mdomo wangu ukatangulia. "Ni bibi yangu. Mgonjwa. Tumetoka hospitali, amelala. Alikuwa anataka kuona twiga."

Kila neno lilikuwa la kweli, isipokuwa lilikuwa limechelewa miaka miwili.

Yule mama uso ukalegea. "Pole sana, mzee. Lakini lazima alipiwe na aandikwe. Uko na kitambulisho chake?"

Nilikuwa nacho. Hicho kitambulisho nilipaswa kukirudisha alipofariki, nikamwambia chifu kimepotea, kumbe kimekaa kwenye pochi yangu nyuma ya changu. Nikakitoa. Kiprono alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na gari limezimwa, jasho linamtoka masikioni. Mimi nikampa askari kitambulisho cha marehemu, naye akaandika kwenye daftari kubwa, polepole, na majina nayasoma vizuri mimi, akaandika Rosa Nasimiyu, na saa, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Kiprono akalipa tiketi ya tatu kwenye simu yake. Yule mama akainama dirishani akaongea kwa sauti ya chini, ya kumwambia mtu aliyelala.

"Ugua pole, mathe. Twiga wako upande wa kule kwenye migunga."

Tukaingia. Tulipopita kona Kiprono akasema, "Mzee, wewe utaulizwa na Mungu," na mimi nikamwambia aangalie barabara.

Sasa picha. Nilikuwa nafikiri kupiga picha ni kuelekeza na kubonyeza. Nikapiga nyati, akageuka nikapata matako. Nikapiga tena, nikapata matako na kidole changu gumba. Nikapiga ziwa, faru aliyelala akaonekana kama jiwe, na jiwe nikalipiga nikidhani ni faru. Nilikuwa nabonyeza kama mtu anayejaza upepo, kila mnyama mara kumi. Halafu, kwenye migunga, kama yule mama alivyosema, wakatokea twiga watatu, karibu kabisa na barabara, wanakula juu juu bila wasiwasi. Nikamfunua Diseli, nikamwinua kwa dirisha, mbwa mbele, twiga nyuma, kitambaa cha Rosa kichwani mwake. Nikabonyeza. Simu ikakataa.

Ikaleta maneno ya Kiingereza, na chini yake vibonyezo viwili. Nikabonyeza tena, yale maneno hayaondoki. Twiga mmoja ameanza kutembea.

"Inasemaje, mzee?" Kiprono akauliza. "Lete nione." Na akanyoosha mkono. Kama vile Nafula alivyonyoosha.

"Kwani mimi ni kipofu?" nikamwambia. Nikabonyeza cha kulia. Yakaja maneno mengine, nikabonyeza cha kulia tena, simu ikazungusha kiduara, ikafunguka. Nikapiga. Nikapata shingo. Kichwa hakikuingia, na Diseli likaingia sikio tu, lakini shingo nilipata, na nikasikia Rosa akisema hata kama ni shingo. Nikamwambia Kiprono twende tupumzike, kazi imeisha. Nilikuwa na furaha kweli. Furaha ya mwisho ya wiki hiyo.

Mbugani kuna mwamba juu, mahali watu wanaruhusiwa kushuka waone ziwa lote. Tulikuta basi la akina mama wa kanisa, sijui la wapi, wamevaa vitambaa vya bluu, wametandika khanga na kumimina chai. Nyani wamekaa pembeni kama mafundi wanaosubiri kazi. Nikashuka kunyoosha miguu. Mama mmoja mkubwa, anaonekana ndiye kiongozi wao, akaniita.

"Karibu chai, baba. Uko peke yako?"

Ningesema niko na dereva. Ningekunywa chai nikaondoka. Lakini nilikuwa naogopa wasogelee gari, nikataka sababu ya kurudi haraka, na uongo ule wa getini ulikuwa bado mdomoni, umefanya kazi mara moja. "Asante, lakini bibi yangu yuko garini, mgonjwa sana. Siwezi kumwacha."

Nyinyi mnawajua akina mama wa kanisa. Ukiwaambia una mgonjwa ni kama umewaambia kuna moto. Waliacha vikombe. "Twende tumwombee!" yule mkubwa akasema, na kabla sijafungua mdomo walikuwa wamelizunguka gari, kama ishirini hivi, na Kiprono aliyekuwa ameegemea mlango akasogea, akaenda kuangalia ziwa kama mtu anayetafuta pa kurukia.

Na mimi ningesema nini? Mzee wa kanisa mzima akatae maombi ya bibi yake? Nikasimama. Nikavua kofia.

Yule mkubwa akafungua mlango wa nyuma kwa upole, mkono mmoja una andazi alilotaka kumlisha mgonjwa, mkono mwingine akauweka juu ya blanketi, na wengine wakaweka mikono juu ya mkono wake. Diseli hakusogea. Lile blanketi lilikuwa limemlevya. "Baba wa mbinguni, mguse mama huyu," akaanza. Halafu akasimama, mkono unapapasa, akaniangalia machozi yanamlengalenga. "Jamani, amekonda. Mgongo ni mifupa mitupu."

Hapo ndipo nililia. Hii haimo kwenye video. Mgongo wa Rosa mwishoni ulikuwa hivyo hivyo, nilikuwa namwosha nahesabu mifupa kwa vidole, na wakati ule hakuna mtu alikuja kumwombea, kwa sababu niliwaambia watu wasije, sikutaka waone nyumba yangu imeshindwa na kitu. Sasa wanawake ishirini nisiowajua walikuwa wanamlilia Mungu kwa ajili yake, wanasema mama huyu, mama huyu, na mimi nasema amina, na ninamaanisha amina, na chini ya blanketi ni mbwa.

Halafu lile andazi. Nyani dume, mkubwa kama ndama, akaruka juu ya paa la gari, akaning'iniza mkono, akalipokonya. Mama akapiga ukelele. Na Diseli, ambaye hajawahi kulinda hata gurudumu moja maisha yake yote, akaamka.

Blanketi likainuka. Kitambaa kikainuka. "Ameinuka!" mtu akapaza sauti, na nyuma kabisa mama mmoja asiyeona vizuri akalia "Haleluya!" Halafu wakaona mkia.

Hapo ndipo video inaanzia. Mmeiona, siwezi kuwaongopea. Mnaona Diseli anaruka nje na kitambaa cha Rosa kichwani, anamshika nyani mguu. Mnaona nyani anageuka. Watu wanacheka kwa sababu kitambaa kinapepea, lakini nyani ana meno kama ya chui, alimpasua sikio kwa mara moja, akamng'ata paja, na zile kelele mnazosikia sio za nyani, ni za Diseli. Mnaniona navua kiatu. Mnaniona naanguka. Nyani akaondoka na kitambaa, akapanda nacho mwambani, na dereva wa basi lao, simu juu, ananiambia, "Mzee, mbwa ni wa nani? Si ulisema ni bibi yako?"

Nikamkumbatia Diseli, damu imejaa kwenye koti. Mama mkubwa amesimama na mkono wake wa maombi bado hewani. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Baba, bibi yako yuko wapi?"

Ningesema amekufa. Lakini kulikuwa na simu labda kumi zinaniangalia, na neno hilo sikutaka liwe la simu. Nikaangalia chini. Nikasema, "Ndio huyu."

Basi. Hayo ndiyo maneno. Hata mimi ningecheka, kama angekuwa mtu mwingine.

Askari walikuja, na yule mama wa getini alikuwa pamoja nao. Walitupeleka ofisini, wakamfunga Diseli paja kwa bandeji kutoka kisanduku chao, wakanisomea makosa yangu taratibu kwa Kiswahili, na yote yalikuwa makosa kweli. Nikatozwa faini. Sikubishana. Halafu yule mama akaleta daftari, akaniuliza tukiwa wawili tu.

"Hiki kitambulisho ni cha nani?"

"Cha bibi yangu. Alifariki. Jumamosi ni miaka miwili."

"Na mimi nikamwambia ugua pole," akasema. Halafu akachukua kalamu na rula, akapiga mstari juu ya jina la Rosa, mstari mmoja ulionyooka, akanirudishia kitambulisho kwa mikono miwili. Nimepigwa na mengi maishani, gurudumu la lori liliwahi kunipasukia nikakaa wiki bila kusikia, lakini ile rula, jamani.

Tulimpeleka Diseli kwa daktari wa mifugo mjini, akashonwa. Nikiwa nimemshika kichwa, simu ikalia. Nafula.

"Baba, uko wapi?"

"Niko mjini. Nakuja kwako."

"Video imefika kazini. Wananionyesha." Nikasikia anavuta pumzi. "Mama yuko wapi, Baba?"

Akakata.

Tulimkuta nyumbani kwake, bado na nguo za maabara. Sikukaribishwa chai. Kiprono alikaa garini na mbwa. Nikajiambia, Wekesa, umechekwa, sawa, lakini kile ulichofuata unacho, toa simu. Nikaiweka mezani. "Nimekuletea ya twiga," nikasema. "Na ile ya mama iko hapo, chukua."

Akaichukua. Akawa anapitisha kidole. Mimi nilikuwa naona uso wake tu. Akapitisha, akapitisha, akarudi nyuma, akaanza upya. Akaniuliza bila kuinua macho.

"Baba, hii simu ilijaa?"

"Ilileta maneno."

"Ulibonyeza nini?"

"Cha kulia."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Akaiweka simu chini, polepole. "Ilikuwa inakuuliza kama ifute picha za zamani ipate nafasi. Halafu ikakuuliza kama una hakika."

Sikuelewa mara moja. Kwa kweli nilimwambia, "Basi irudishe." Nilidhani ni kama bolti, ukilegeza unakaza. Alijaribu. Siku ya Ijumaa alimpelekea fundi wa simu, na fundi mwingine, wote wakatikisa kichwa, na picha haikuwa imetumwa popote kwa sababu simu haikuwahi kuondoka mfukoni mwangu. Nilikuwa na picha kumi na mbili za matako ya nyati. Nilikuwa na jiwe. Nilikuwa na shingo.

Pale mezani Nafula hakunigombeza. Angenigombeza ningejitetea, mimi nikigombezwa ni hodari. Alisema tu, "Ungeniambia hujui kutuma, Baba. Mimi nilijua hujui. Nilikuwa nangoja uniambie."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

Jumamosi simiti iliwekwa. Kijitabu kilitoka na picha ya kitambulisho, ile ile, nukta nukta, macho yamekodoa, kutoka kwenye kile kile nilichomwonyesha askari. Ukurasa wa mwisho Nafula aliweka shingo ya twiga. Hakuandika chochote chini yake. Watu walikuja wengi kuliko siku ya mazishi, na najua wengine walikuja kumwona yule mzee wa video, kwa sababu Diseli alipotokea nyuma ya nyumba akichechemea, sikio moja limeshonwa, kulikuwa na mguno wa kicheko kwenye viti vya nyuma, na mtu akanong'ona, "Mwenyewe huyo." Diseli akaja akalala chini ya kiti changu. Sikumfukuza.

Nilipopewa nafasi ya kusema nilikuwa nimeandaa maneno makubwa, jinsi nilivyoanza na pampu ya mkono na jinsi Rosa alivyosimama nami. Nikasimama, nikaangalia ile picha mikononi mwa watu, watu zaidi ya mia, na hakuna hata mmoja atakayejua alikuwa anafunga jicho moja akicheka. Nikasema, "Kulikuwa na picha nzuri. Niliifuta mimi, kwa sababu sikujua na sikutaka kuuliza." Nikakaa. Viti vya nyuma vilinyamaza.

Sasa mnajua, na mkitaka kuendelea kuuliza bibi hajambo, ulizeni, sitawarushia spana. Mbugani sirudi, na mtu yeyote akiniambia anataka kupeleka mbwa akaone wanyama nitamfungia geti la yadi kwa kufuli. Lakini nadhiri yangu siyo hiyo. Simu ikileta maneno nisiyoyajua, naiweka chini, namwita aliye karibu, awe Kiprono, awe dereva nisiyemjua, namwambia sijui, nisomee. Mara ya kwanza nilisikia kama nameza changarawe. Sasa linatoka. Ni neno dogo sana, mtoto wa darasa la tatu analijua, na kama ningelisema ile Krismasi, leo ningekuwa naona uso wa mke wangu.